Ndege Aliyeitwa Kutoa Ushahidi

Barua ya ruhusa niliipiga chapa mimi mwenyewe, kwa hiyo kosa ni langu. Iliandikwa hivi: "Mabwana Nduwayo na Rutayisire wanaruhusiwa kurekodi sauti kwenye bonde la Nyabarongo, chini ya Gahanga." Muhuri mzuri, sahihi ya mkubwa nzuri. Nilisahau neno moja tu: ndege.

Siku nyingine neno moja si kitu. Lakini ilikuwa Novemba, mwaka tisini. Vita ilikuwa imeanza kaskazini mwezi uliopita, na Kigali watu walikuwa wanakamatwa kwa mafungu, wanaambiwa ni ibyitso, yaani watu wa adui walioko ndani. Ukiwa na redio kubwa kidogo jirani anakutazama mara mbili. Na sisi tukashuka bondeni na mashine ya kanda, maikrofoni, vya kuvaa masikioni, na karai.

Karai ni la mke wangu, Mukagasana, anakaangia sambusa pale Biryogo. Ukiweka maikrofoni katikati ya karai, ikatazama ndani, ukalielekeza kwa ndege, linakusanya sauti kama bakuli linavyokusanya mvua. Ndege wa mbali anakuja kukaa sikioni. Wazungu wana sahani yao maalum ya kazi hiyo, bei yake unanunua shamba. Mimi na diploma yangu ya umeme tulikuwa na karai.

"Litarudi lini?" mke wangu aliuliza.

"Litarudi limesoma," nikamwambia.

Ofisi yetu iko Muhima, tunatengeneza vipindi vya redio vya mashule. Somo la wiki ile lilikuwa mabwawa na mafunjo, na Rutayisire alimtaka ndege mmoja anayeishi kwenye mafunjo tu. Rutayisire alikuwa mwalimu wa biolojia kabla ya kuja kwetu. Mwembamba, miaka thelathini na moja, masikio yake yanasikia mvua kabla haijaamua kunyesha. Namwita Mwalimu, yeye ananiita Mzee, ingawa miaka arobaini na sita si uzee, ni uchovu tu. Kwenye kitambulisho chake, mstari wa kabila, imeandikwa Mtutsi. Kwangu Mhutu. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka minne, na mpaka mwezi uliopita mstari ule haukuwahi kutuletea hata ugomvi wa chai.

Asubuhi ile tulimpata ndege. Tukarekodi kama tunavyorekodi siku zote: kwanza Mwalimu anasema kwenye maikrofoni tarehe, saa, mahali, ndege wangapi, upande gani. Halafu nusu dakika hakuna anayesema, tunaiachia mashine isikie bonde lenyewe. Ndipo ndege anaingia. Saa tatu tukapanda kurudi barabarani, tumelowa magoti, tunacheka.

Barabarani kulikuwa na gogo juu ya mapipa mawili. Asubuhi halikuwepo. Pembeni lori, nyuma ya lori watu wamekaa chini vichwa wameinamisha, na askari wanne. Mkubwa wao sajenti, mtu mtaratibu, ananyoa ndevu vizuri. Mtu mtaratibu mwenye bunduki mimi namwogopa kuliko anayepiga kelele.

Akanyanyua karai. "Hii ni nini?" akauliza kwa Kinyarwanda.

"Karai, shefu."

"Naona ni karai. Nauliza ni nini."

Nikaeleza. Aliposikia natoka Biryogo, mtaa wa Waswahili, akahamia Kiswahili palepale. Huku kwetu Kinyarwanda ni cha nyumbani, Kifaransa cha ofisi, na Kiswahili ni cha soko na cha bunduki. Sikuona mtu anayeuza kitu.

Akasoma barua. "Kurekodi sauti. Sauti ya nani?"

"Ya ndege, shefu."

"Hapa ndege haiko."

"Nilisahau kumwandika."

"Ulisahau. Na huyo ndege iko na ruhusa yake?"

Askari wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini wa mwisho. Mwenye bunduki akitania usiwe wa kwanza kucheka, wala usikose.

Akaomba vitambulisho. Changu akakitazama kama mtu anayetazama saa, akanirudishia. Cha Mwalimu akakisoma taratibu mpaka mwisho, akakitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Wewe panda lori."

Rutayisire alivua vya masikioni shingoni akanipa mimi, kama mtu anayeacha funguo za nyumba. Wale waliopanda malori mwezi wa kumi, wengine tulikuwa bado tunawauliza wako wapi, na hakuna anayejibu.

"Shefu," nikasema, "sikiliza kanda kwanza. Ukisikia ndege, utatuacha. Usiposikia, fanya unavyotaka."

Nilidhani ni akili. Nikarudisha kanda mwanzo, nikabonyeza. Ikatoka sauti ya Mwalimu, safi, taratibu, kama mtu anayetoa taarifa:

"Novemba kumi na tatu. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Chini ya Gahanga, mita mia mbili kutoka barabarani. Wawili, upande wa kaskazini. Wa tatu yuko ng'ambo, bado hajajibu."

Halafu kimya. Shhhh.

Nilitaka ardhi inipokee. Miaka minne tunafanya hivyo, na siku ile ndiyo niliyasikia maneno yale kwa sikio la mtu mwingine.

"Wa tatu yuko ng'ambo," sajenti akasema polepole. "Bado hajajibu."

"Ndege, shefu. Wa tatu ni ndege."

"Na sasa mbona kimya? Mmefuta?"

"Ngoja kidogo, ni nusu dakika tu, tunaacha bonde lise—"

"Ungoje wewe!"

Lakini hakuzima. Ndege akaingia: dume anapiga, jike anamalizia, haraka mpaka unadhani ni mmoja. Nyumbani kwangu ni hivyohivyo, ila mke wangu anaanza na yeye mwenyewe anamaliza.

"Hiyo ni firimbi," akasema askari mmoja mwenye kofia iliyomzidi kichwa. "Ni mtu anapiga. Ni alama, Serija."

Sajenti akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye chuma cha lori.

"Basi tumwite!" nikasema. Sijui ilitoka wapi. "Tumwite huyo ndege aje atoe ushahidi yeye mwenyewe. Ukimpigia sauti yake, anakuja. Ukimwona kwa macho, utasema ni firimbi?"

Sajenti akanitazama. Nadhani ilimfurahisha. Akatazama saa ya mkononi.

"Dakika kumi na tano. Ndege asipokuja, huyu anapanda, na wewe unamsindikiza."

Tukashuka mpaka pale maji yanapoanza: mimi, Mwalimu, sajenti na yule wa kofia. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mafunjo yamesimama, hayatikisiki.

"Mzee," Mwalimu akanong'ona, "saa hii wamepumzika. Hawajibu."

"Waamshe."

"Na tulisema mara tatu tu."

Hiyo ilikuwa sheria yake. Ndege akisikia sauti ya ndege mwingine kwake anadhani amenyang'anywa nyumba. Anaacha kula, anaacha makinda, anamtafuta mgeni asiyekuwepo. Kwa hiyo mara tatu, basi. Nilimheshimu sana kwa sheria ile.

"Leo tutamwomba radhi," nikasema.

Nikaweka mashine mbele ya karai, karai likatazama mafunjo, nikabonyeza. Kimya. Mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu, chura mmoja akajibu, na chura si shahidi.

"Dakika tano zimeisha," sajenti akasema. Hakuwa na haraka.

Nikapiga mara ya nne. Mwalimu akafumba macho, akainamisha sikio. "Mzee, zima. Sauti imekuwa nzito. Sikiliza. Kanda inakwenda polepole, betri zimechoka. Hata ndugu yake hawezi kumjua."

Kweli. Dume alikuwa anaimba kama padri mwenye mafua.

Betri zilikuwa sita, kubwa, na za akiba hatukuwa nazo. Lakini kila mtu aliyekua na redio huku anajua dawa. Nikabandua kifuniko cha nyuma, skrubu zake zilishapotea zamani, nimekifunga kwa plasta. Nikatoa betri zote nikazipanga ndani ya karai juani, na karai lile likipigwa na jua linaunguza kama liko jikoni. Nikazigeuzageuza kama sambusa.

"Unafanya nini?" sajenti akauliza.

"Nazianika, shefu. Zikipata joto zinapata nguvu kidogo."

"Hata kwetu tunafanya hivyo," yule wa kofia akasema, akanyamaza haraka kwa vile mkubwa wake alimgeukia.

Dakika nne nilizianika. Dakika nne ni ndefu. Mwalimu alikuwa amechuchumaa, mikono juu ya magoti, anatazama mafunjo na si lori. Nikaona jasho linamshuka nyuma ya sikio, halifuti.

"Dakika nne zimebaki," sajenti akasema.

Nikarudisha betri, vidole vinaungua. Nikabonyeza. Sauti ikatoka nyepesi, yenyewe. Nikaiacha ikaisha. Nikarudisha, nikabonyeza tena.

Ng'ambo kule, mbali, mmoja akajibu.

"Huyo," Mwalimu akasema bila kupumua.

"Simwoni," sajenti akasema.

Nikapiga tena. Akajibu karibu zaidi, na mke wake akamalizia. Kichwa kimoja cha funjo kikainama, kingine kikainama, kama mtu anatembea juu yake. Halafu akatokeza. Kifua chekundu kama aliyemwagikiwa tomato, mgongo mweusi, utosi wa manjano. Akapiga kelele kutuelekea sisi, watu wazima wanne na bunduki mbili, hakutuhesabu kitu. Nikapiga tena, na yule maskini akaruka akatua kwenye ukingo wa karai. Karai likamchoma, akaruka, akarudi tena. Akawa anaidonoa mashine.

Yule wa kofia alicheka mpaka akaishika kofia. "Serija, anataka kupigana! Anataka kupigana na kaseti!"

Nikamtazama Mwalimu. Machozi yalikuwa yanamlenga. Nikajua tumepona. Nikaanza kutafuta utani wa kuagana nao.

Sajenti hakucheka. "Anamtafuta nani?"

"Yule anayemsikia, shefu. Anadhani kuna mwenzake."

"Na hayupo."

"Hayupo."

"Kwa hiyo sauti tu inamtoa mafichoni." Akatazama mafunjo, kutoka mwanzo mpaka yanapopotea kwenye ukungu wa mto. "Mle ndani kuna watu. Wanangoja kuvuka waende Bugesera, halafu Burundi. Wiki nzima tunawatafuta, mafunjo yanawameza." Akaweka kiganja juu ya mashine, pole, kama anayepapasa ng'ombe. "Mtu akisikia mke wake anamwita. Hatoki?"

Mimi nina utani wa harusi, wa msiba, hata wa hospitali. Pale sikuwa nao. Ndege alikuwa bado anarukaruka juu ya mafunjo, anaita, anasubiri, anaita.

"Mashine inabaki," sajenti akasema. "Nyinyi nendeni. Wote wawili. Ndege wenu amewatetea."

Mwalimu akanitazama. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua kwamba akikisema atapanda lori. Nikamwahi.

"Shefu, hiyo mashine ni nzuri lakini ina kiburi. Nikuonyeshe namna yake. Hapa unabonyeza kurekodi, hivi viwili pamoja. Hapa kurudisha. Na kila baada ya kazi unafungua nyuma, unapangusa vumbi, la sivyo inakataa." Huku naongea nimeshabandua kifuniko, napuliza, napangusa na ncha ya shati. Ndani kuna mpira wa mviringo, mwembamba kama uzi wa viatu, ndio unaotoa mzunguko kwenye mota kuupeleka kwenye kanda. Nikaunasa kwa ukucha wa kidole kidogo. Ukatoka kimya kimya, ukaingia ndani ya mkono wa shati langu. Nikarudisha kifuniko, nikasugua plasta kwa dole gumba mpaka ikashika.

"Umeelewa, shefu?"

"Si ngumu."

"Si ngumu hata kidogo."

Nikachukua karai, tukapanda, tukapita gogo, tukashika njia ya Gahanga. Usikimbie, nilikuwa najiambia, na usitembee kama mtu anayejiambia asikimbie. Tulikuwa tumekwenda kama hatua mia, Mwalimu akasimama.

"Kitambulisho changu."

Kilikuwa kwenye mfuko wa sajenti, kifungo kimefungwa.

Bila kitambulisho mwezi ule usingefika hata kwenye duka la chumvi. Kizuizi cha mbele kingemchukua kabla hajasema jina lake.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Mzee, ile mashine umeifanya nini?"

"Kaa kwenye mtama huo. Chuchumaa. Nikichelewa pita mashambani, usinisubiri."

"Mzee—"

"Mwalimu, shika karai."

Nikarudi. Njiani nilisema Bismillahi mara nyingi kuliko hatua. Walikuwa wameshaweka mashine juu ya pipa. Mwanamke mmoja wamemteremsha kwenye lori, amesimama mbele ya maikrofoni, amejishika kanga kifuani. Sajenti alikuwa anabonyeza vile viwili pamoja, kama nilivyomfundisha. Taa inawaka, mota inaguna, kanda imesimama palepale.

"Fundi!" Aliponiona hakushangaa, na hilo lilinitisha zaidi. "Haizunguki."

"Betri, shefu. Si uliona mwenyewe tulivyozianika? Zimemaliza roho yao kwa yule ndege."

"Fungua."

Nikafungua. Akainama akachungulia, kichwa chake karibu na changu, nasikia harufu ya sabuni. Ule mpira ulikuwa ndani ya mkono wangu wa shati, unanitekenya kwenye kiwiko. Kwa asiyejua, tumbo la mashine ni kama tumbo la mbuzi: kila kitu anaona ni cha lazima na hajui kilichopungua. Akatazama muda mrefu. Akagusa waya mmoja, akauacha.

"Betri mpya ziko wapi?"

"Muhima. Hizi kubwa hazipatikani Gahanga."

"Kesho saa mbili unazileta hapa."

"Nitazileta. Ila mwenzangu umebaki na kitambulisho chake, shefu. Hatafika."

Akafungua kifungo, akakitoa, akakipigapiga kwenye kiganja. "Nikikupa hiki, mimi nabaki na nini? Wewe ukifika mjini utanisahau kama ulivyomsahau ndege."

Nikatia mkono mfukoni nikatoa changu. Nilikuwa nimeshaamua kabla hajamaliza kusema, nadhani niliamua kule kwenye mtama. "Shika hiki. Mtu anarudi kufuata jina lake."

Akakitazama tena, mstari ule ule wa kabila. Safari hii alitabasamu. "Huyu ndiye anayerudi," akasema, akakitia mfukoni. Akanipa cha Mwalimu.

Yule mwanamke wakamwambia apande. Alipopita karibu yangu alinitazama usoni, sijui aliona nini. Sikuweza kumfanyia kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mumewe, kama alikuwa mle kwenye mafunjo, hakuisikia sauti yake siku ile, na yeye lori lilimchukua.

Nikapanda tena njia ya Gahanga. Kwenye mtama Mwalimu hakuwa amekimbia. Alikuwa amechuchumaa na karai tumboni kama mtu anayejikinga mvua.

"Shika," nikampa kitambulisho. "Picha yako ni mbaya, kitafute kingine mambo yakitulia."

Akakifuta kwa kiganja, akakitia ndani ya soksi. Tukatembea. Baada ya muda akasema, "Kakupa hivihivi tu?"

"Ana roho nzuri."

"Mzee. Chako kiko wapi?"

"Kinangoja betri."

Akasimama katikati ya njia.

"Tembea," nikamwambia. "Mwalimu, tembea. Kesho saa mbili iko mbali."

Akatembea. Kutoka pale mpaka Biryogo kulikuwa na vizuizi viwili, na cha kwanza kilikuwa kimeshaonekana, kilimani, watu watatu na gogo. Mmoja alikuwa ametuona na anatuita kwa mkono. Nikavuta shati vizuri, nikaanza kutafuta cha kumchekesha.